Kufuma skafu za ndugu na marafiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Masika yakielekea ukingoni na wingu likianza kukaa juu ya Meru kutwa nzima, watu hunikamata kwa maswali yale yale: nje ya kanisa baada ya ibada, kwenye kikoba, hata ndani ya daladala wakiniona na sindano mkononi. Majibu ni haya. Yanahusu kufuma kwa sindano mbili, si kwa mashine ya masweta ya shule, wala krosheti ile ya sindano moja yenye ndoano. Nimeanza na mvaaji, kisha uzi. Skafu nyingi zinazolala kabatini hazikufumwa vibaya; zilifumwa bila kuuliza zinakwenda shingoni kwa nani.

Kwa hali ya hewa yetu, skafu ina kazi kweli?

Ina kazi, ila si kwa kila mtu na si mwaka mzima. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti baridi ni ya kweli. Usiku wa Julai joto linaweza kushuka mpaka nyuzijoto 12 au 13, na asubuhi ya manyunyu unawaona watu wa Sakina na Ngaramtoni wamejikunyata kituoni. Moshi mjini ni habari nyingine. Pale ni chini ya mita 1,000, na hata Julai jua likishatoka vizuri mtu anavua koti. Lakini ukishapanda Kibosho, Machame au Marangu, baridi inakupokea njiani.

Kwa hiyo anayekaa Pasua na mama yake aliye juu kule migombani hawafai kufumiwa skafu ya aina moja. Wa mjini mfumie nyembamba, ya uzi mwepesi, ya kuvaa asubuhi na kutia kwenye mkoba saa nne. Wa mlimani mfumie nene na pana, inayoweza kushuka mpaka mabegani.

Dada yangu yuko Dar. Nimfumie?

Hapana. Labda kama ofisi yao ina kiyoyozi kikali, na hata hapo tumia uzi wa pamba. Vinginevyo itaishia kuwa pambo la kochi.

Nataka kumfumia bibi. Uzi gani unamfaa?

Uliza kwanza anashinda wapi. Bibi wengi wa huku wanapikia kuni, na jioni wanaota moto pale pale jikoni. Uzi mwingi tunaouziwa madukani ni akriliki, uzi wa kiwandani utokanao na mafuta ya petroli. Ni laini, rangi zake zinavutia, unafulika bila masharti. Shida yake ni moto. Akriliki ikishika haigeuki majivu. Inayeyuka, inanata, na ikinata kwenye ngozi inaunguza vibaya. Sufu ya kondoo inashika moto kwa shida, na ukiiondoa kwenye mwali mara nyingi inajizima yenyewe.

Anayekaa karibu na moto mtafutie sufu, hata kama ni ya kufumua kutoka sweta la mtumba (nitaeleza chini). Ifanye fupi, ya kupishana mara moja kifuani, ncha zisining'inie anapoinama kuchochea. Matamvua usiweke kabisa.

Nitajuaje kama uzi ni sufu au akriliki? Karatasi yake imepotea.

Uchome. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibano juu ya sahani ya bati, sogeza kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha kijivu kinachopondeka kwa kidole. Akriliki inayeyuka na kuacha shanga nyeusi, ngumu. Usiiguse mpaka ipoe. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na majivu yake ni laini. Nyuzi za mchanganyiko zitakupa majibu ya mchanganyiko, na hizo mimi nazihesabu kama akriliki ninapowaza habari za jiko.

Hivi hakuna uzi wa kondoo wa hapa hapa?

Kondoo unaowaona wakichungwa njia ya Monduli, wale wekundu wa Kimaasai, ni kondoo wa nywele fupi. Hawana manyoya ya kusokotwa uzi. Wanasifika kwa jambo jingine, kustahimili minyoo. Kwa hiyo sufu halisi inayofika kwetu, aghalabu ni ya kutoka nje, na bei yake inajieleza.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda na ndiye anayepigwa na upepo kuliko wote. Nimfumie ndefu ajifunge vizuri?

Hapana, ndefu hapana! Upepo unaitoa ndani ya koti, ncha inapeperuka nyuma, na ikinaswa na mnyororo au spoku za gurudumu shingo ndiyo inayovutwa. Hatari hiyo hiyo inamhusu abiria, hasa akina mama wanaokaa upande na mtandio uking'ang'ania bega moja.

Mfumie ya mviringo, isiyo na ncha. Unafuma kipande cha kawaida cha sentimita 60 kwa 25, kisha unashona ncha zake mbili pamoja. Anaipitisha kichwani, inakaa shingoni, na akiivuta juu inafunika pua na mdomo chini ya helmeti. Kwa mviringo tumia mshono wa mbavu, huo unaovutika (nitaueleza chini), la sivyo haitapita kichwani au ikipita italegea kama mkanda wa zamani. Rangi chagua nyeusi au kijivu; vumbi la Kwa Mrombo halina huruma na rangi ya maziwa.

Na mtoto mchanga?

Mtoto mchanga hafumiwi skafu. Kitu kirefu shingoni au karibu na uso wa mtoto aliyelala kinaweza kumkaba. Mama aliye kwenye uzazi mpelekee kofia na soksi za kufuma pamoja na huo mtori wako, atafurahi zaidi. Mtoto aliyeanza shule mfumie ya sentimita 90 mpaka 110, yenye tundu upande mmoja ili ncha ya pili ipite humo. Inakaa bila fundo, na akivutwa na mwenzake uwanjani inachomoka.

Tukiwa kwenye habari za shule: uliza rangi kabla ya kununua uzi. Kuna shule zinazokubali skafu ya rangi ya sweta tu, na nyingine hazikubali kabisa.

Shemeji yangu ni mpagazi, anapanda Kilimanjaro karibu kila wiki. Kuna cha kumfumia?

Huyo ndiye anayestahili sufu kuliko wote. Anatoka langoni akitokwa jasho msituni, halafu siku chache baadaye yuko kambi ya juu ambako usiku maji yanaganda. Pamba ikilowa jasho inapoteza joto na inachelewa kukauka. Sufu inaweza kunyonya unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujaihisi kuwa imelowa, na bado inatia joto. Akriliki iko katikati: haina maarifa hayo ya sufu, lakini inakauka upesi na ni bora kuliko pamba.

Fuma ya mviringo, ya kubana kiasi, isiyo na vifungo wala mapambo. Mtu mwenye mzigo kichwani na begi mgongoni hataki kitu cha kurekebisha kila dakika. Na usimfumie moja tu. Moja ikilowa, nyingine iwe kavu.

Naweza kufuma yenye rangi za Simba au Yanga?

Unaweza, bora uwe na uhakika. Nyekundu na nyeupe kwa shabiki wa Jangwani ni uchokozi. Kwa milia ya rangi mbili inayokata upana, fuma idadi shufwa ya mistari kwa kila rangi, minne au sita, ili uzi uliopumzika uwe upande ule ule unapouhitaji tena. Unaupandisha pembeni taratibu bila kuukata. Mistari ikizidi sita kwa rangi moja, kata, maana uzi unaopanda pembeni utaonekana.

Nahitaji nini kuanza?

Sindano mbili za unene wa milimita 5 au 6, madonge mawili au matatu ya uzi wa unene wa kati, mkasi, na sindano butu ya kushonea ncha. Basi. Vifaa hivi utavipata kwenye yale maduka yanayouza zipu, vifungo na nyuzi za mafundi cherehani. Anayeanza achague uzi wa rangi nyepesi na usio na manyoya mengi. Uzi mweusi usiku chini ya taa ya kuokoa umeme hauonyeshi kitanzi, na uzi wenye manyoya ukikosea haufumuki.

Angalia pia karatasi ya donge. Pamoja na namba ya rangi kuna namba ya mkupuo wa kutia rangi. Madonge mawili ya "bluu" ile ile yenye namba tofauti za mkupuo yatatofautiana kidogo. Dukani huoni. Ukishafuma, jua la saa sita litakuonyesha mahali ulipobadilisha. Nunua yote siku moja.

Sindano zangu ni nyembamba na zimeandikwa 8. Ni milimita 8?

Sindano nyembamba kiasi hicho haiwezi kuwa milimita 8. Kuna namba za Kiingereza za zamani na namba za Kimarekani, na zinakwenda kinyume. Kwa namba za Kiingereza, namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba: 8 ni milimita 4, 6 ni milimita 5, na 4 ni milimita 6. Kwa Wamarekani, 8 ni milimita 5. Sindano za mitumba na zile za kurithi kwa mama waliosoma sayansi kimu zamani mara nyingi ni za Kiingereza. Kama huna uhakika, ipime kwa rula: zungushia uzi mwembamba mara moja, pima urefu wa uzi huo, gawanya kwa 3.14.

Watu wanafumia spoku za baiskeli. Zinafaa?

Zinafumia soksi na vitu vya kubana. Spoku ina unene wa milimita 2 hivi, kwa skafu utazeeka. Ukikosa sindano, chonga mianzi. Chukua fito mbili zilizokauka vizuri, urefu wa sentimita 30, zichonge ziwe mviringo na nene kama penseli nyembamba, zipige msasa mkali kisha laini, uzifute na mafuta kidogo ya kula na kuziacha zikauke. Chonga ncha moja bila kuifanya kali mno, ya pili izungushie mpira wa manati ili vitanzi visidondoke. Sindano za mianzi ni nyepesi, na kwa mzee mwenye vidole vinavyouma mimi nazipendelea kuliko za chuma. Chuma inateleza, mwanzi unashika uzi kidogo, na anayeanza anahitaji kushikiwa.

Anayefumia safarini atafute zile sindano fupi mbili zilizounganishwa kwa waya wa plastiki. Ndefu kwenye daladala la Arusha–Usa zinamchoma jirani ubavuni, na kondakta akianza kusema hamalizi.

Nianze na vitanzi vingapi?

Hapa watu wanataka namba moja ya jumla, nami sina. Mkono wako si mkono wangu: kuna anayebana uzi mpaka sindano inalia, kuna anayelegeza. Fuma kipande cha majaribio cha vitanzi 24, mistari 30 hivi, kisha kilaze mezani bila kukivuta na uhesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10. Tuseme umepata 18. Sentimita moja ni kitanzi 1.8, na skafu ya upana wa sentimita 18 itataka 18 mara 1.8, yaani vitanzi 32. Rafiki yako mwenye mkono mzito anaweza kupata 21 ndani ya sentimita hizo hizo, naye ataanza na 38.

Urefu: mtu mzima wa hapa sentimita 150 zinatosha, mrefu 170. Anayepelekewa Ulaya au Canada mwongezee mpaka 180, kule wanaizungusha mara mbili juu ya koti. Upana wa 15 mpaka 20 ni wa kawaida. Uzi utakaotumika kwa vipimo hivyo ni gramu 200 mpaka 250, kwa hiyo madonge matatu ya gramu 100 yanakupa amani.

Unapopandisha vitanzi vya mwanzo kwa ncha ndefu, acha mkia wenye urefu wa mara tatu ya upana wa skafu na nyongeza ya kiganja. Mkia ukiisha kwenye kitanzi cha 29, hakuna njia ila kuanza upya.

Nitumie mshono gani?

Wa mbele, mstari wote, kila mstari, mpaka mwisho. Unaingiza sindano ya kulia ndani ya kitanzi kutoka mbele, unazungusha uzi, unautoa, unakiachia cha zamani. Sindano ikiisha, geuza, rudia hivyo hivyo. Kitambaa kinachotoka kina matuta pande zote mbili, kinalala, hakijikunji, na hakina upande wa ndani wa kuuficha. Kwa skafu ya kwanza, na kwa maoni yangu hata ya kumi, hakuna kinachoushinda.

Watu huukimbia kwa sababu unaonekana wa kitoto. Wanakwenda kwenye ule unaotoa sura laini kama ya fulana: mstari mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma (uzi unakaa mbele na sindano inaingia kitanzini kutoka nyuma kuja mbele). Wakifika sentimita 30 wanakuja na kipande kilichojiviringisha pembeni kama jani la mgomba lililopigwa jua. Haikuwa kosa la mkono. Kitambaa cha aina hiyo lazima kijikunje, kwa kuwa mishono ya mbele na ya nyuma haivuti sawa, na pasi haitaponya.

Ukichoka na matuta, fuma mbavu: mbili mbele, mbili nyuma, kwa idadi ya vitanzi inayogawanyika kwa nne. Inavutika vizuri na inabana shingo. Au wa punje: mmoja mbele, mmoja nyuma, kwa idadi witiri, na kila mstari unaanza na wa mbele, punje zinapishana zenyewe. Mbavu zinapunguza upana unaoonekana, hivyo ongeza vitanzi nane mpaka kumi.

Inachukua muda gani?

Piga hesabu. Skafu ya vitanzi 32 yenye urefu wa sentimita 170, kwa mshono wa mbele tupu, ni mistari 600 na ushei, yaani karibu mishono 20,000. Anayeanza anafuma 20 kwa dakika akiwa hajasumbuliwa. Hiyo ni saa 16 hadi 17. Mzoefu anafika 40 na kumaliza kwa nusu ya muda huo. Saa moja kila jioni baada ya taarifa ya habari, ni wiki mbili na nusu. Anayetaka kumpelekea mama Julai aanze Mei. Anayeanza wiki ya Krismasi ili abebe kwenda Uchagani atafumia kwenye basi.

Nilianza na vitanzi 32, sasa nina 37. Vimetoka wapi?

Hili swali ndilo namba moja, na mara nyingi mkosaji ni mwanzo wa mstari. Ukigeuza kazi, uzi unaotoka kwenye donge unapaswa kuning'inia chini ya sindano. Ukiuvuta kwenda nyuma kwa kuupitisha juu ya sindano, unakivuta kitanzi cha kwanza kichwa chini, na miguu yake miwili inapanda juu ya sindano ikionekana kama vitanzi viwili. Unafuma mguu wa kwanza, unafuma wa pili, tayari umeongeza. Tazama pale sindanoni: kitanzi halali kimekaa peke yake na shingo nyembamba, hicho cha uongo kimebanana na mwenzake na vyote vinatoka shina moja.

Sababu ya pili ni kuacha uzi mbele ulipotaka kufuma mshono wa mbele. Uzi unapita juu ya sindano, unakuwa kitanzi kipya, na chini yake kinabaki kitundu. Hesabu vitanzi kila baada ya mistari sita mpaka mkono uzoee. Kosa likiwa mstari mmoja chini, fumua mshono mmoja mmoja kurudi nyuma. Likiwa mbali na kitambaa kimeshapanuka, chomoa sindano na ufumue bila huruma, uzi haupotei.

Kitanzi kimedondoka na kinashuka kama ngazi.

Usiivute kazi. Kikamate haraka kwa pini ya mtoto kisipate kushuka zaidi. Kisha tumia ndoano ya krosheti: ingiza kwenye kitanzi, shika kile kiuzi kilicholala juu yake kama daraja, kipitishe ndani, panda daraja linalofuata mpaka ufike juu. Kwa mshono wa matuta, daraja moja unalipitisha kwa mbele na linalofuata kwa nyuma, kwa zamu.

Donge limeisha katikati ya mstari. Nifunge fundo?

Fundo shingoni linachoma na siku moja litafunguka. Rudi mpaka mwanzo wa mstari, anza donge jipya pembeni, acha mikia yote miwili ya sentimita 15. Ukimaliza skafu, ipitishe kwa sindano butu ndani ya matuta, kwenda na kurudi. Kujua kama uzi uliobaki unatosha mstari mmoja, uupime: unatakiwa uwe walau mara nne ya upana wa skafu. Na mwisho, unapofunga vitanzi, tumia sindano nene kidogo kuliko uliyofumia ili ukingo usikaze na kuifanya skafu iwe na kiuno.

Nasikia mnafumua masweta ya mitumba. Yapi yanafaa?

Hapo ndipo sufu nzuri inapopatikana kwa bei ya watu wa kawaida. Memorial na Kiboriloni kwa Moshi, na Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, kwa upande wetu. Usiangalie mtindo wala tundu la kiwiko. Ligeuze ndani nje, tazama mshono wa ubavuni.

Ukiona kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, nyuzi nyingi zilizosukana kama za fulana, liache. Vipande vile vilikatwa kwa mkasi kutoka kitambaa kipana, kwa hiyo kila mstari utakutokea kama kijiuzi kifupi cha upana wa kifua. Ukiona kila kipande kina ukingo wake mzima na vimeunganishwa kwa mshono mwepesi wa mnyororo, hilo ni lako. Tafuta ncha ya mshono huo, kata kitanzi kimoja, vuta. Ukiupata upande sahihi unafunguka wote kwa mkupuo. Kisha anza kufumua kipande kutoka juu, pale walipofungia. Liache pia sweta lililogandamana baada ya kufuliwa kwa maji ya moto, halifumuki tena.

Uzi utatoka na mawimbi kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge kwa vipande vya uzi mahali panne usichanganyikane, uloweke maji ya vuguvugu nusu saa, utundike kivulini na kitu chepesi chini yake. Sufu inanyooka karibu yote. Akriliki inanyooka nusunusu, na ukishaifuma huoni.

Nifueje, na niweke wapi baridi ikiisha?

Akriliki: maji ya kawaida, sabuni, anika. Pasi marufuku, inalala na kung'aa. Sufu: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, bonyeza bila kusugua. Joto, sabuni na kusugua vikikutana sufu inagandamana na kusinyaa, na hairudi. Usiikamue kwa kuinyonga. Ikunje ndani ya taulo, kanyaga taulo, kisha ilaze bapa kivulini juu ya mkeka. Ukiitundika kwenye kamba ikiwa nzito kwa maji itaongezeka urefu bila kuombwa.

Nondo hawali akriliki, wanakula sufu, hasa yenye jasho na mafuta ya shingo. Ifue kabla ya kuihifadhi, ikauke kabisa, itie kwenye mfuko uliofungwa. Wengine wanaongeza majani makavu ya mwarobaini. Weka ukipenda, bali usiyafanye badala ya kufua.

Mimi ni mwanamume. Nikianza kufuma watanicheka?

Waliokaa barazani na cherehani kutoka Soko Kuu mpaka Kilombero ni akina nani? Aliyebuni mashine ya kwanza ya kufumia, Uingereza mwaka 1589, alikuwa mwanamume, tena kasisi, William Lee. Anza tu, kaka.

Marafiki wameziona wanataka kununua. Niuzeje?

Kwa marafiki wawili watatu, sawa. Kama biashara, sikushauri. Saa 16 za kazi hazilipwi na skafu inayoshindana na ya mtumba iliyotoka kwenye belo, na ndugu watakuomba bei ya ndugu. Njia ninayoikubali ni mtu alete uzi wake mwenyewe na akulipe mkono, mkikubaliana kabla hujapandisha kitanzi.

Nilimfumia mama mkwe, sijawahi kumwona ameivaa.

Huenda ameiweka ya kutokea. Mama zetu wengi kitu kizuri hawakivalii nyumbani, wanangoja ibada ya kipaimara cha mjukuu. Au inamwasha: sufu nyingine zinakwaruza shingo laini, na mkwe hatakuambia. Mtume wifi aulize. Ikiwa inawasha, ishonee kitambaa laini cha pamba upande wa ndani, sehemu ya katikati inayogusa shingo.

Skafu imetafunwa na panya, tundu la ukubwa wa shilingi. Inazibika?

Inazibika kama una uzi wa rangi ile ile, ndiyo maana kila skafu unayotoa uambatanishe na kidonge kidogo cha masalia. Kamata kwanza vitanzi vilivyo wazi juu na chini ya tundu kwa uzi mwembamba wa cherehani visizidi kukimbia. Weka kikombe au balbu iliyoungua kwa ndani ili kitambaa kikae bila kuvutika, pitisha nyuzi za wima kutoka ukingo mzima wa chini mpaka ukingo mzima wa juu, halafu ufume za mlalo juu-chini juu-chini katikati yao. Usikaze. Tundu likizidi upana wa vidole vitatu, fumua skafu kutoka ncha uliyofungia mpaka uvuke palipotafunwa, kamata vitanzi, funga. Itakuwa fupi, mpe mtoto.